Maji hayana ngozi: jibu kuhusu mvutano wa uso

Swali la msomaji: Mwalimu, nimeona sindano ikilazwa polepole juu ya maji ikaelea, kisha ikazama mara tu tone la sabuni lilipodondoshwa kando yake. Shuleni tulielezwa kwamba maji yana ngozi nyembamba juu yake. Ngozi hiyo imeundwa na nini? Je, sabuni huichana? Na joto na chumvi nazo huichana, au hufanya kazi nyingine?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali lililoulizwa kwa uangalifu. Nitaanza na hiyo ngozi, kwa kuwa mengine yote yanaitegemea. Juu ya maji hakuna ngozi. Kama ungeweza kuuchunguza uso wa maji safi hadi kuziona molekuli zenyewe, usingekuta utando wa kitu kingine, wala tabaka la molekuli zilizoshikana zikabaki pale pale. Ungekuta molekuli za maji zilezile zilizojaa chini, tena zisizotulia hata kidogo. Iliyo juu sasa hivi inazama na nyingine inapanda mahali pake katika muda mfupi mno kuliko sehemu ya milioni ya sekunde; baadhi zinaruka hewani zikawa mvuke, na baadhi zinatoka kwenye mvuke zikarudi majini. Hata hivyo uso huo una nguvu halisi, iitwayo mvutano wa uso, inayopimika kwa vyombo na inayoweza kubeba chuma. Kwa hiyo la kujiuliza ni nguvu hiyo inatoka wapi, ikiwa hakuna kitu kilichotandazwa.

Inatoka kwenye mshikamano wa molekuli za maji. Kila molekuli ina atomu moja ya oksijeni na mbili za hidrojeni, na umeme wake haukugawanyika sawasawa: upande wa oksijeni una chaji hasi kiasi, na upande wa hidrojeni una chaji chanya. Hidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani, na kifungo kinachotokea ndicho wanakemia wanachokiita bondi ya hidrojeni. Molekuli moja ya maji inaweza kushikana hivyo na jirani wanne. Katika maji ya kawaida bondi hizi huvunjika na kuundwa upya ndani ya muda unaohesabika kwa sehemu za trilioni za sekunde, lakini ukipiga picha wakati wowote ule utakuta sehemu kubwa yake imefungwa. Kwa kuwa kila bondi ina nguvu ya takriban kilojouli 20 kwa moli (kipimo cha wanakemia cha idadi ya molekuli), maji ni kioevu kilichoshikana kuliko mtu angetarajia kwa molekuli ndogo na nyepesi kiasi hiki.

Sasa ifikirie molekuli iliyofika juu kabisa. Chini yake na kando yake kuna jirani. Juu yake kuna hewa tu, na hewa haina cha kuishika. Imepoteza sehemu ya vifungo vyake. Vipimo vya mwanga wa leza vilivyofanyika tangu miaka ya 1990 vimeonyesha kwamba molekuli moja hivi katika kila nne au tano za uso huwa na hidrojeni moja inayotazama hewani bila kushikwa na yeyote. Molekuli yenye vifungo pungufu ina nishati kubwa kuliko ile iliyozungukwa pande zote, kwa hiyo kuongeza uso wa maji ni kuzitoa molekuli zaidi mahali penye vifungo kamili na kuziweka mahali penye upungufu, na kazi hiyo haifanyiki bure. Kwa maji safi ya nyuzi 20 za Selsiasi, kila mita moja ya mraba ya uso mpya hugharimu jouli 0.0728.

Gharama hiyo ni ndogo, na ni vyema kuupima udogo wake. Lita moja ya maji ikisagwa kuwa matone yenye nusu kipenyo cha mikromita moja (sehemu ya milioni ya mita), uso wake wote kwa pamoja unafikia mita za mraba 3,000, na nishati iliyoingia katika uso huo ni kama jouli 218, ambayo ingetosha kuipasha lita hiyo kwa sehemu 5 za mia za nyuzi moja tu. Licha ya udogo huo, maji hayaachi kuitafuta hali ya gharama ya chini. Yakiachwa huru hujikunja kuwa tufe, kwa sababu tufe ndilo umbo lenye uso mdogo kuliko yote kwa ujazo uleule. Tone dogo la mvua huwa la mviringo kwa sababu hii. Umbo la chozi tunaloliona michoroni si umbo la tone linaloanguka.

Hapa lazima nisahihishe kidogo maelezo yanayorudiwa katika vitabu vingi, kwamba molekuli za juu huvutwa kwenda ndani muda wote, na kwamba mvuto huo ndio mvutano wa uso. Maelezo hayo yanafaa kwa kuanzia, lakini ukiyashika kama yalivyo yanakwama: molekuli inayovutwa ndani bila kizuizi ingezama, na zote zingefuata, na uso wote ungeporomoka. Kizuizi ni kwamba molekuli zikikaribiana mno husukumana. Kwenda ndani na nje, mvuto na msukumo husawazishana. Lakini sambamba na uso, katika unene wa molekuli chache za juu, mvuto unauzidi msukumo kwa kiasi kidogo, na ziada hiyo ndiyo mvutano wenyewe. Ndiyo maana kani ya uso huvuta kwa ubavu, ikiufuata uso ulivyolala au ulivyopinda. Ukichora mstari wa mita moja juu ya maji safi ya nyuzi 20, maji ya upande mmoja wa mstari yanayavuta ya upande wa pili kwa kani ya milinyutoni 72.8, yaani sehemu 72.8 za elfu za nyutoni. Utaona kwamba ni tarakimu ileile ya nishati niliyoitaja, na si bahati tu: jouli kwa mita ya mraba na nyutoni kwa mita ni kipimo kimoja kilichoandikwa kwa njia mbili.

Tofauti kati ya hali hii na ngozi inaonekana wazi ukiulinganisha uso wa maji na utando wa mpira. Mpira ukiuvuta mara mbili ya urefu wake, unakaza zaidi, kwa sababu nyuzi zake ni zilezile na sasa zimenyooshwa. Uso wa maji safi ukiupanua mara mbili, mara kumi, au mara mia, mvutano wake unabaki uleule wa milinyutoni 72.8, kwa sababu hakuna kilichonyooshwa. Molekuli mpya zimepanda kutoka chini kuja kuijaza nafasi. Kwa sababu hiyohiyo, kimo cha maji chomboni, upana wa chombo na wingi wa maji havibadilishi mvutano wa uso. Bahari na kijiko cha maji safi havina tofauti katika jambo hili isipokuwa ile inayoletwa na vilivyoyeyuka ndani yake na joto lake.

Kabla ya sindano, ni vizuri ujue tarakimu hiyo imesimama wapi miongoni mwa vioevu vingine. Ethanoli ina takriban milinyutoni 22 kwa mita, asetoni iko karibu na 24, gliserini iko kwenye 63. Zebaki, ambayo atomu zake zinashikana kwa nguvu za kimetali, inapanda hadi karibu 485. Ukiziweka metali zilizoyeyuka kando, maji ni miongoni mwa vioevu vya kawaida vyenye mvutano mkubwa kuliko vyote.

Sasa tuiangalie sindano kwa karibu. Ukiinama mpaka jicho lako likawa usawa wa maji, na mwanga ukiwa upande wa pili, utaona kwamba sindano haijakaa juu ya uso tambarare. Imelala ndani ya bonde refu jembamba. Maji yameinama pande zote mbili na kupanda polepole hadi usawa wake, umbali wa milimita chache kutoka kwenye chuma. Kingo za bonde hilo zinavuta kwa mshazari, kwenda nje na kwenda juu. Mivuto ya kwenda nje, mmoja kulia na mmoja kushoto, inafutana. Ya kwenda juu inajumlishana, nayo ndiyo inayoibeba sindano.

Tufanye hesabu. Chukua sindano ya chuma yenye urefu wa sentimita 4 na kipenyo cha milimita 0.7. Uzani wake ni kama gramu 0.12, na dunia inaivuta kwa kani ya takriban milinyutoni 1.2. Uso wa maji unaigusa kwa mistari miwili yenye sentimita 4 kila mmoja, kwa hiyo kani kubwa kabisa ambayo maji safi yanaweza kuitoa, kama uso ungesimama wima kabisa, ni mara mbili ya 0.04 mara 72.8, yaani milinyutoni 5.8. Inatosha na kusalia. Lakini ona jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani. Sabuni huushusha mvutano hadi milinyutoni 30 hivi kwa mita. Ukirudia hesabu kwa tarakimu hiyo unapata milinyutoni 2.4, ambazo bado ni mara mbili ya uzito wa sindano. Kama sababu pekee ingekuwa kupungua kwa mvutano, sindano hiyo isingezama.

Inazama kwa sababu sabuni inafanya kazi ya pili, ya kuyafanya maji yaenee juu ya chuma. Chuma kikiwa safi kabisa maji hukilowesha vizuri, na sindano iliyosafishwa mafuta yote ni vigumu sana kuielesha. Ile unayoielesha imepakwa mafuta kidogo ya vidole vyako, na maji yanakataa kuyapanda. Yanasimama ubavuni mwa chuma kwa pembe kubwa, karibu pembe mraba, na hivyo uso una nafasi ya kuinama sana na kuvuta juu kwa nguvu zake zote. Sabuni ikifika, pembe hiyo ya mgusano inapungua. Ikishuka hadi nyuzi 20, uso hauwezi tena kuinama zaidi ya hapo kabla maji hayajaifunika sindano, na theluthi moja tu ya zile milinyutoni 2.4 ndiyo inayoelekea juu. Hiyo ni milinyutoni 0.8. Sindano inakwenda chini. Mtu akikuuliza kwa nini kitu fulani huelea juu ya uso wa maji, mpe basi sababu mbili: mvutano wenyewe, na jinsi maji yanavyokilowesha au kukataa kukilowesha kitu hicho. Wadudu wanaotembea juu ya maji wanaitegemea sana hii ya pili. Miguu yao imefunikwa na vinyweleo vidogo mno vyenye nta, vinavyoshika hewa katikati yake, na kipimo kilichochapishwa mwaka 2004 kilionyesha kwamba mguu mmoja wa mdudu wa aina hiyo unaweza kubeba uzito wa takriban mara 15 ya mwili wake kabla ya kuutoboa uso.

Umeuliza kama sabuni huuchana uso. Haiuchani. Molekuli ya sabuni ina kichwa chenye chaji kinachopenda maji, na mkia mrefu wa kaboni na hidrojeni ambao maji hayawezi kufungana nao. Mkia huo ukiwa ndani ya maji, molekuli za maji zinazouzunguka zinalazimika kujipanga upya ili zisipoteze bondi zao. Mahali pazuri kwa molekuli ya namna hii ni juu kabisa, kichwa majini na mkia hewani. Zikikusanyika hapo, sehemu kubwa ya uso inakuwa imefunikwa na mikia, ambayo inashikana kwa unyonge, na gharama ya kuwa na uso inashuka. Bondi za hidrojeni za maji yaliyo chini hazikuguswa. Nasisitiza hili kwa sababu maelezo ya kwamba sabuni huvunja bondi za maji yamesambaa mno, nayo yanampoteza mwanafunzi anapofika kwenye chumvi, kama utakavyoona.

Ili uione kazi hiyo kwa macho, nyunyiza poda laini juu ya maji yaliyotulia, kisha gusa katikati kwa ncha ya kijiti yenye sabuni. Poda inakimbilia ukingoni kwa kasi, na katikati panabaki duara tupu. Inaonekana kana kwamba sabuni imeisukuma. Tazama vizuri: kabla ya kugusa, kila chembe ya poda ilikuwa ikivutwa sawasawa pande zote. Baada ya kugusa, upande wa katikati unavuta kwa milinyutoni 30 na upande wa ukingo bado unavuta kwa 72, na chembe inakwenda inakovutwa zaidi. Mwendo wa maji unaotokana na tofauti ya mvutano kati ya mahali na mahali unaitwa athari ya Marangoni, kwa heshima ya mwanafizikia wa Italia Carlo Marangoni, aliyeueleza mwaka 1865, ingawa James Thomson alikuwa ameandika juu yake miaka kumi kabla.

Kuongeza sabuni zaidi na zaidi hakuushushi mvutano bila kikomo. Uso ukijaa, molekuli za ziada huanza kukusanyika ndani ya maji katika vifundo vidogo vinavyoitwa miseli, mikia ndani na vichwa nje, na kuanzia hapo mvutano karibu haushuki tena. Wala kazi ya sabuni si ya papo hapo. Molekuli zake zinahitaji muda wa kusafiri hadi kwenye uso mpya, kuanzia sehemu za elfu za sekunde hadi sekunde kadhaa kutegemea aina na wingi wake, na wanaotengeneza wino na dawa za kunyunyizia wanalazimika kuuhesabu muda huo.

Lipo pia jambo ambalo naliona kuwa zuri kuliko yote katika somo hili, nalo ni kiputo cha sabuni. Wengi wanadhani kiputo kinadumu kwa sababu sabuni imeukaza uso. Kinyume chake, imeulegeza. Maji safi, yenye mvutano mkubwa, hayatoi povu la kudumu hata kidogo. Viputo vyake hupasuka mara vinapofika juu. Kinachokilinda kiputo cha sabuni ni kwamba mvutano wake hubadilika kulingana na mahali. Utando ukikonda sehemu moja, uso wa sehemu hiyo unakuwa umetanuka, molekuli za sabuni zinakuwa chache kwa kila eneo, na mvutano wa hapo unapanda. Sehemu hiyo sasa inavuta zaidi kuliko jirani zake, inawaleta karibu, na pamoja nao inaletwa sabuni na maji ya kuuziba udhaifu. Utando unajitibu wenyewe pale hasa unapokaribia kupasuka.

Uwezo huu wa vitu vya mafuta kuutawala uso ulijulikana kabla ya molekuli kujulikana vizuri. Mwaka 1774 ilichapishwa taarifa ya Benjamin Franklin kwamba mafuta yasiyozidi kijiko cha chai yalienea na kuyatuliza maji ya bwawa moja la Clapham, nchini Uingereza, katika eneo la karibu nusu ekari. Ukigawa ujazo kwa eneo unapata unene wa takriban nanomita 2.5 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), ambao ni unene wa molekuli moja. Aliyelifanya jambo hili kuwa sayansi ya vipimo ni Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, mwanamke ambaye hakusoma chuo kikuu, kwa kuwa wanawake wa nchi yake hawakuruhusiwa wakati huo. Nyumbani kwake alitengeneza hodhi dogo la bati lenye kipande cha kuusukuma uso wa maji, akapima jinsi mvutano unavyobadilika uso wenye uchafu unapobanwa. Alimwandikia mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, na Rayleigh akaipeleka barua hiyo kwenye jarida la Nature, iliyochapishwa Machi 1891. Mwanakemia wa Marekani Irving Langmuir alijenga juu ya njia yake na kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1932. Fundisho la kwanza la Pockels bado ni sheria katika maabara zetu: maji yanayoonekana safi yanaweza kuwa na mafuta ya mkono mmoja tu uliogusa ukingo wa chombo, nayo yanatosha kuharibu kipimo chote.

Sasa joto. Maji yakipata joto, molekuli zinatikisika zaidi, vifungo vinakuwa vichache na vilegevu, mpaka kati ya maji na mvuke unakuwa mpana usiokatika wazi, na mvutano unapungua. Katika nyuzi 0 ni milinyutoni 75.6, katika nyuzi 60 ni 66.2, na katika nyuzi 100 ni 58.9. Ukiendelea kuyapasha ndani ya chombo kilichofungwa kinachostahimili kanieneo kubwa, utafika nyuzi 374, ambapo maji na mvuke wake havitofautiki tena, uso unatoweka, na mvutano unakuwa sifuri. Lakini katika joto la matumizi ya kila siku upungufu ni mdogo: kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni kama asilimia 9. Sindano yako ingeelea juu ya maji ya nyuzi 60 bila shida, mradi yasitibuliwe na mvuke na mwendo wa maji yenyewe. Kwa sababu hiyo siyakubali maelezo ya kwamba maji ya moto huosha vizuri hasa kwa sababu mvutano wake ni mdogo. Yanaosha vizuri kwa sababu yanayeyusha mafuta yaliyoganda, yanaharakisha kuyeyuka kwa uchafu na kazi ya sabuni, na mnato wake, yaani ukinzani wake wa kutiririka, umeshuka hadi chini ya nusu ya ule wa nyuzi 20. Mvutano unachangia kidogo tu.

Na chumvi? Wengi wanategemea kwamba nayo itaupunguza, kwa kuwa inaingilia kati ya molekuli za maji. Inaupandisha. Kila ioni ya sodiamu au kloridi hujizungushia molekuli za maji zinazoishika kwa nguvu, na kuisogeza hadi kwenye uso, ambako upande mmoja hauna maji, ni kuivua sehemu ya vazi hilo. Hivyo kwa jumla chumvi ya kawaida hukaa mbali na uso, tabaka la juu kabisa linakuwa na chumvi pungufu kuliko maji ya ndani, na kutengeneza uso mpya kunakuwa ghali zaidi kuliko katika maji matupu. Ongezeko ni dogo: gramu 58 hivi za chumvi katika lita moja huongeza takriban milinyutoni 1.6 kwa mita. Alkoholi ni kinyume, kwa sababu mkia wake mfupi unapendelea uso kama ule wa sabuni ingawa kwa unyonge zaidi. Ethanoli ikiwa kama asilimia 11 ya mchanganyiko, mvutano unashuka hadi karibu 46, na ikifika asilimia 40 unakuwa karibu 30.

Kanuni inayoyaunganisha haya yote iliwekwa na mwanasayansi wa Marekani Josiah Willard Gibbs katika miaka ya 1870, na naiona kuwa ufunguo wa swali lako. Usiulize kama kitu kilichoyeyushwa kinavunja bondi za maji au kinaziimarisha. Uliza kinapenda kukaa wapi. Kinachojikusanya kwenye uso kinaupunguza mvutano, hata kikiwa kidogo mno. Kinachoukimbia uso kinaupandisha, na kwa kuwa uso hauwezi kuwa na pungufu ya sifuri ya kitu chochote, hakiwezi kuupandisha sana.

Mvutano wa uso una nguvu katika vitu vidogo na ni dhaifu katika vikubwa. Kwa maji, mpaka kati ya hali hizo mbili ni kama milimita 2.7. Chini ya kipimo hicho mvutano unaushinda uzito, na juu yake uzito unashinda, na ndiyo maana tone dogo ni duara na dimbwi ni bapa. Uso uliopinda pia unabana kilicho ndani yake, kwa kanieneo inayozidi kadiri mpindo unavyozidi: tone lenye nusu kipenyo cha milimita 1 lina ziada ya paskali 146 ndani yake, na lenye mikromita 1 lina ziada ya paskali 146,000, inayozidi ile ya angahewa nzima. Mapafu yetu yanaishi na hesabu hii. Vifuko vyake vya hewa vina nusu kipenyo cha karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na ndani vimelowa. Kama maji hayo yangekuwa matupu, kuvifungua kila tunapovuta pumzi kungetuchosha, na vilivyo vidogo vingejifunga. Mwili hutengeneza mchanganyiko wa mafuta na protini unaoushusha mvutano hadi karibu na sifuri kifuko kinaposinyaa. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walikuwa na upungufu wa mchanganyiko huo, na tangu taarifa ya Tetsuro Fujiwara na wenzake wa Japani ya mwaka 1980 umekuwa ukitiwa mapafuni mwa watoto hao kama dawa. Sijui mfano mwingine ambao milinyutoni chache kwa mita zimeokoa maisha mengi kiasi hicho.

Ukitaka kuyajaribu mwenyewe, huhitaji chombo cha gharama. Tone linaloning'inia kwenye ncha ya dropa (kibomba cha kudondoshea dawa) linashikiliwa na mvutano wa uso kuizunguka ncha hiyo, na linakatika uzito wake unapozidi. Kwa hiyo kwa dropa ileile, uzito wa tone unakwenda sambamba na mvutano. Kwanza ioshe dropa na uisuuze mara nyingi. Ishike wima, dondosha polepole sana, na uhesabu matone yanayotoka katika mililita 5 za maji safi, kisha rudia kwa maji yenye sabuni kidogo. Mvutano ukipungua kwa nusu, matone yatakuwa karibu mara mbili. Kwa maji ya chumvi, yale ya gramu 58 kwa lita, usitegemee hesabu ya matone kwa ujazo, kwa sababu chumvi inaongeza uzito wa maji kwa karibu asilimia 4 huku ikiupandisha mvutano kwa asilimia 2 hivi, na utaona matone yakiongezeka kidogo, ukadhani mvutano umeshuka. Hapo ni lazima uyapime kwa mizani nyeti: dondosha matone 100 ya kila aina, na uyalinganishe kwa gramu.